Sahihi ya Daktari Strake

Nilimchukia Daktari Wendell Strake miaka mingi kabla sijamtia machoni. Nilikuwa na jina lake tu, chini ya barua ya kampuni ya bima iliyomnyima kaka yangu Emil sindano ya macho. Barua ile niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, ili kila Jumapili nikikifungua nikumbuke na la kumwomba Mungu.

Emil aliendesha basi la shule hapa Brannock miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kisha macho yakaanza kumvimba kwa ndani. Daktari wake akaandika sindano, akasema ianze wiki hiyo hiyo. Kampuni ikajibu kwamba daktari wao, baada ya kusoma faili kwa makini, ameona mgonjwa aanze na vidonge vya bei nafuu. Vikishindwa, arudi. Ndiyo desturi ya bima zetu: sharti ushindwe kwanza. Basi Emil akashindwa kwa utiifu, kidonge cha kwanza, kidonge cha pili. Sindano ilipokubaliwa, jicho la kulia lilikuwa limezima, na la kushoto lilibaki kujua tu kama dirisha liko upande gani.

Hakukaa akalia. Alikwenda makao makuu ya jimbo na fimbo yake nyeupe, akapewa dakika tatu za kusema mbele ya kamati. Mtu wa kampuni za bima naye akapewa dakika tatu, akasema sheria ya namna hiyo itapandisha bei kwa kila mtu. Sheria ikapita, imekatwakatwa lakini ikapita: mgonjwa aliyetulia kwa dawa yake asibadilishiwe nyingine, mradi daktari wake atie alama kwenye kisanduku kimoja kidogo mwishoni mwa fomu. Alama ikiwepo, sharti kampuni ilipie dawa ndani ya siku kumi. Isipokuwepo, inafanya itakavyo. Mimi ni msaidizi katika duka la dawa la Onder, mwaka wa ishirini na nane huu, na fomu hizo zote hupita mikononi mwangu. Zahanati husahau kile kisanduku, nami huwapigia simu: "Jamani, alama!" Wameshanibatiza Mama Kisanduku.

Kiangazi cha mwaka juzi akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya gofu, mgeni, kanunua nyumba kando ya ziwa. Akaweka kadi yake ya bima kaunta. Strake, Wendell. Nikamwuliza kama ni daktari.

"Wa masikio," akasema. "Siku hizi nafanya tu makaratasi, kwa kampuni ya bima."

Masikio! Daktari wa masikio ndiye aliyeamua macho ya kaka yangu. Nikamfungia sindano yake ya baridi yabisi, nikamtakia siku njema. Kila mwezi alikuja, kila mwezi nilimtakia siku njema, nami nikangoja kama paka kwenye tundu la panya.

Juni iliyopita akastaafu. Halafu ikaja Januari, na Januari dukani kwetu ni kilio: kadi mpya, orodha mpya za dawa zinazolipiwa, na dawa iliyolipiwa Desemba haimo tena.

"Dola elfu saba mia moja na arobaini," nikamwambia.

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, daktari."

Mama mmoja nyuma yake kwenye foleni akacheka. "Karibu kwetu, baba."

Kumbe kampuni yake mwenyewe imeitoa sindano ile kwenye orodha. Sharti ashindwe kwanza na vidonge. Zahanati yake ikaleta fomu ya kuomba, nikaikagua kama ninavyokagua zote, na kisanduku cha mwisho kilikuwa kitupu. Niliinua simu. Nikairudisha. Sikufuta kitu wala sikuongeza kitu; kuwakumbusha watu haikuwa kazi yangu, ilikuwa hisani, na siku hiyo hisani ilikuwa imeniishia. Nikaipeleka fomu kama ilivyo, na roho yangu ikasuuzika.

Jibu likatoka kwenye mashine ya faksi Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, asubuhi. Imekataliwa, baada ya daktari wetu kusoma faili kwa makini. Macho yakashuka hadi chini ya karatasi kuangalia sahihi. Nikakaa juu ya katoni ya shampuu, nikacheka mpaka machozi.

Strake alikuja saa tisa na nusu alasiri. Emil alikuwa ameketi karibu na mashine ya kupimia presha, ananisubiri twende kula samaki wa Ijumaa za Kwaresima kanisani. Mlango Strake aliusukuma kwa kiwiko. Vidole vilikuwa vimevimba na kupinda.

"Limekuja jibu langu, mama?"

"Limekuja. Wamekukatalia."

"Haiwezekani. Nimeitumia dawa hii miaka minne! Ni mjinga gani aliyetia sahihi?"

Nikamgeuzia karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Hii ni sahihi yangu."

"Mimi pia nimeiona hivyo."

"Lakini mimi nimestaafu tangu Juni! Sijaiona karatasi hii!"

"Labda uliisoma kwa makini ukasahau."

"Mama, huu si utani. Ni kompyuta hiyo. Walikuwa na sahihi yangu kwenye kompyuta, hawakuiondoa."

"Na ulipokuwa kazini, ilikuwa inafanyaje kazi?"

Akaivua miwani. Nadhani maumivu ndiyo yaliyomfanya aseme ukweli. "Asubuhi nilikuwa nabonyeza mara moja, zinakwenda zote."

"Ngapi?"

"Mia. Siku nyingine mia mbili."

"Bila kusoma hata moja?"

"Nani angeweza kusoma zote hizo?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengeneza kichwani mtu aliyeketi mezani, akasoma habari za Emil, mke wake marehemu, basi lake, macho yake, kisha akasema hapana. Mtu aliyesoma akakataa, pengine siku moja ningemsamehe. Huyu alikuwa ameazimisha jina lake kama mtu anavyoazimisha ngazi, akaenda kucheza gofu. Hasira iliyonipanda hapo sikuwa nimewahi kuijua.

"Kwenye hizo mia mbili alikuwemo kaka yangu," nikasema. "Emil Hruska. Yule pale."

Emil akainuka, akaja akigusagusa rafu za dawa za mafua kwa fimbo.

"Ndiye huyu, dada?"

"Ndiye."

"Nipe mkono, daktari."

Strake akautoa, hakujua afanye nini kingine. Emil akamshika taratibu, akapapasa kifundo kimoja kimoja.

"Unauma?"

"Sana. Hata vifungo vya shati siwezi."

"Mimi vifungo naweza," Emil akasema. "Ila shati la rangi gani, mpaka niulize." Akauachia mkono. "Dada Verna, zahanati yake walitia alama kwenye kisanduku?"

Nilidhani ardhi itanimeza. Anazijua kazi zangu kuliko mwenye duka. "Hapana," nikasema.

"Kisanduku gani?" Strake akauliza.

Emil akamweleza yote kwa upole, kama anavyowaeleza watoto mahali pa kuvukia barabara: sheria, kamati, dakika tatu, alama moja, siku kumi. Strake akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaipeleka hivyo hivyo?"

"Karatasi zilikuwa nyingi, daktari. Nani angeweza kusoma zote hizo?"

Akashika kaunta. Nikamwona anatafuta neno la kunitukana, kisha akaliacha. "Wapigie leo. Nakuomba, mama. Silali."

"Nitapiga. Kwanza andika."

"Niandike nini?"

"Uliyonieleza. Kwenda kwa idara ya bima ya jimbo. Kwamba ulikuwa unabonyeza, hukusoma, na jina lako linakataa watu mpaka leo nawe uko nyumbani."

"Wataninyang'anya leseni. Wanaweza kunishtaki."

"Mkuki kwa nguruwe, eh?"

Akatazama vidole vyake, akamtazama Emil. "Basi niandikie wewe, nitie sahihi tu."

"Hapana!" Nilipiga kelele mpaka Bi. Onder, mwenye duka, akachungulia kutoka chumba cha chanjo. "Sahihi zako tumezichoka. Andika kwa mkono wako, kila neno."

Nikampa karatasi na kalamu nene ya watoto, ile ya dola moja. Akaandika amesimama. Kila herufi ilimchukua pumzi nzima. Mara mbili kalamu ilianguka, na mara zote mbili nilimwacha aiinamie mwenyewe. Jasho lilimtiririka shingoni, nami nilitazama wala sikugeuza uso. Nilifurahi. Watu wazuri husema hawafurahii mambo kama hayo, mimi nilifurahi.

"Msomee Emil," nikasema alipomaliza.

"Mimi, Wendell Strake," akasoma, "sikusoma faili hata moja." Akaendelea mpaka mwisho. Emil alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaomba amrudie sentensi ile ya kwanza. Akamrudia.

Nikaipitisha karatasi kwenye faksi pamoja na barua yenye sahihi ya mstaafu. Zikaenda zote mbili. Ndipo nikainua simu, nikaipigia zahanati, nikaweka sauti nje ili naye asikie. Mashine ikajibu kwamba wamefunga, Ijumaa hufunga saa kumi na nusu, tupige tena Jumatatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini.

"Jumatatu, daktari," nikamwambia. "Siku njema."

Alitoka bila kujibu, akausukuma mlango kwa bega.

Katika ukumbi wa chini wa kanisa Emil alikula samaki wake wote na nusu ya pirogi zangu, zile sambusa za viazi za kuchemsha. Alipokuwa anafuta vidole akaniuliza, "Ulijua wanafunga saa kumi na nusu?"

"Nilijua."

Akakikunja kitambaa cha karatasi. "Jumatatu umpigie, dada. Sheria ile niliiomba kwa ajili ya kila mtu."

Nikamwambia nitapiga. Saa sikuitaja.