Maji ya Mgeni

Umande ulikuwa bado haujakauka kwenye miwa Angoori alipofika nusu ya njia ya kurudi nyumbani. Mtungi ulikuwa kichwani, mkono mmoja umeushika, mwingine umeinua upindo wa sari usiburute matopeni. Matrekta yaliyosheheni miwa yalikuwa yamepanga foleni tangu jana mbele ya kiwanda cha sukari, na madereva waliota moto wa makapi kando ya barabara. Masizi yalidondoka kutoka kwenye dohani, meusi na mepesi kama manyoya. Mdomo wa mtungi alikuwa ameufunika kwa kitambaa alichokikunja mara mbili.

Kwenda hekaluni kwa Masingasinga, karibu na soko la nafaka, na kurudi, kulimchukua saa nzima na zaidi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mzee aliyelitunza hekalu hakuwahi kumuuliza yeye ni nani wala wa ukoo gani. Kila asubuhi alimfungulia bomba, kisha akaukausha mtungi kwa tambara ili maji ya baridi yasimchuruzike shingoni.

"Mwenye maji ni Mungu, dada," alizoea kusema. "Mimi nimeachiwa ufunguo tu."

Maji hayo yalikuwa ya Munesh, mkaza mwana wake, mwenye mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilitoka, zote katika mwezi wa tano. Daktari aliyemwona mara ya pili alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini alimshika Munesh bega alipokuwa akisema: asinywe tena maji ya Kherapur.

Kherapur ilikuwa nyumba arobaini nyuma ya ukuta wa kiwanda cha karatasi, pembezoni mwa Muzaffarnagar. Chini ya ukuta ulipita mtaro, na mtaro ulikuwa na povu majira yote. Pampu ya mkono iliyokuwa katikati ya nyumba ilipakwa rangi nyekundu miaka miwili iliyopita kwa amri ya mahakama, ili hata asiyejua kusoma ajue kuwa maji yake hayanyweki. Tangu hapo kiwanda kililazimika kuleta lori la maji mara mbili kwa wiki. Maji ya lori yalinuka kutu, na kila nyumba ilipata ndoo mbili.

Leo alikuwa anakuja mkaguzi kuyapima upya maji ya pampu. Yakionekana mabaya, kiwanda kingeamriwa kuvuta bomba la maji safi kutoka mjini hadi Kherapur. Yakionekana mazuri, hata lile lori lingekoma.

*

Angoori alikuta jirani yake Bala amekaa kizingitini, anamchambulia Munesh mboga ya haradali.

"Shangazi, nyumba umeikandika jana, ua umeufagia leo," Bala alisema. "Kuna harusi hatujaalikwa?"

"Mgeni anakuja."

"Yule si mgeni. Ni serikali."

"Serikali nayo ina koo."

Bala alicheka, akatoa bilauri iliyofungwa katika kitambaa. "Basi koo la serikali linywee hii. Niliolewa nayo. Haina ufa hata mmoja, tofauti na aliyenioa."

Munesh alishusha mtungi kichwani mwa mama mkwe wake. "Mama, mgeni tutampa maji gani?"

Angoori alitazama ndoo ya lori, ambayo juu ya maji yake palikuwa na utando wa rangi rangi. Kisha akautazama mtungi.

"Nitachota bilauri moja tu humu. Mgeni hapewi maji ambayo mwenyewe nayaogopa."

"Hata mbili, Mama. Mimi nitajibana."

Hakukuwa na haja ya kuelezana zaidi. Angoori alikuwa mtoto wa wachuna ngozi. Alipokuwa msichana, kisimani kwa wenye mashamba alichuchumaa akakinga viganja, na mke wa mwenye shamba akamwagia maji kutoka juu, mbali, ili ndoo isimguse. Mambo yalikuwa yamebadilika, watu walisema. Lakini tangu aolewe hakuna bwana wa ukoo mkubwa aliyewahi kutia mdomo kwenye chombo cha nyumba yake. Wakija wakati wa uchaguzi, husema wameshakunywa chai njiani.

*

Mkaguzi alifika saa tano kwa gari la kiwanda. Jina lake lilikuwa Kaushik, na kwa jina hilo kila mtu alijua kwamba ni mtoto wa makuhani. Alikuwa mwembamba, amejifunga skafu, anakohoa. Pamoja naye alishuka Rathi, msimamizi wa kiwanda, ambaye Kherapur yote ilimfahamu kwa sababu ndiye aliyeamua kila Jumatatu nani aingie getini na nani arudi nyumbani. Jaivir, mtoto wa Angoori na mume wa Munesh, alikuwa kibarua wake kwenye tanuru.

Wanaume wawili waliushika mpini wa pampu nyekundu, wakapiga. Chuma kililia. Hakikutoka kitu. Wakapiga tena mpaka jasho likawatoka katika baridi ile.

"Ngozi ya ndani imekauka," mmoja alisema. "Imekaa miaka miwili. Inataka kumwagiwa maji kwa juu, isubiriwe ilainike, ndipo ivute."

"Isubiriwe mpaka lini?" Rathi aliuliza. "Bwana Mkubwa ana vijiji vinne leo."

Kaushik aliketi kwenye kiti alichowekewa uani kwa Angoori. Aliona kwamba kivuli cha mwarobaini kimemwangukia yeye, na bibi amesimama juani, akakisogeza kiti ili naye apate kivuli. Angoori aliliona hilo. Halafu mkaguzi akakohoa kwa muda mrefu, akasema:

"Mama, nipatie maji ya kunywa."

Watu uani waligeuka. Hata Rathi aligeuka.

Angoori aliingia ndani, akachota, akaifuta bilauri kwa upindo wa sari, akampa kwa mikono miwili. Alitarajia aipokee aiweke chini, kama wafanyavyo wenye adabu. Kaushik aliitia mdomoni akanywa yote. Bala alimgusa Angoori kwa kiwiko.

"Yapo mengine?"

Alimletea ya pili. Furaha ilimfanya aone haya kama bi harusi.

"Maji matamu," mkaguzi alisema. "Ni ya hapa hapa?"

Mwenye nyumba hamwambii mgeni kwamba kinywaji alichompa amekiomba kwa watu. Ni sawa na kumwambia ateme. Angoori alifunzwa hivyo na mama yake, na mama yake na bibi yake, watu ambao hawakuwa na kitu kingine cha kuficha.

"Ya nyumbani kwangu, Bwana," alisema.

Rathi alikuwa wa kwanza kucheka. "Umesikia, Bwana Mkubwa? Na hawa ndio walioandika mahakamani kwamba wanakufa kwa maji."

Kaushik aliiangalia pampu, akaiangalia saa. Akafungua kisanduku cha barafu, akatoa chupa ndogo. "Basi tuchukue haya. Mama, nimiminie humu."

Angoori alichota tena, akamimina. Alidhani anataka ya njiani, kwa kikohozi. Kifuniko kilipofungwa na karatasi kubandikwa, ndipo alipoona wanaume wa Kherapur wanavyomtazama.

"Bwana," alisema. "Hayo si ya pampu."

"Bibi," Rathi alisema kwa upole, "umeulizwa mbele ya watu, umejibu mbele ya watu."

"Ni ya hekaluni!" Sauti ilitoka mlangoni. Munesh alikuwa amesimama hapo, ushungi umefunika uso mpaka kidevuni, kama ilivyompasa mbele ya wanaume wageni. "Anayabeba kichwani kila siku kwa ajili yangu. Mkamuulize mzee wa hekalu."

"Siku hizi wake za watu ndio wasemaji wa mtaa?" Rathi aliuliza, bila kumtazama. Wazee wawili waliinamisha macho.

Kalamu ya Kaushik ilisimama. Aliitazama bilauri tupu. Kisha alilitazama gari, ambalo lilikuwa la kiwanda, na dereva wake, ambaye alikuwa wa kiwanda.

"Nimeshaandika, mama. Weka dole gumba hapa."

Angoori aliuficha mkono ndani ya sari.

"Jaivir yuko zamu gani wiki hii, Bibi?" Rathi aliuliza. "Ya mchana?"

Aliutoa mkono. Wino ulikuwa baridi.

Mkaguzi alipoinuka, alikunja viganja mbele ya kifua na kumwinamia, jambo ambalo pia hakuna bwana aliyewahi kumfanyia. "Asante kwa maji," alisema, na ilionekana wazi kwamba anamaanisha.

*

Lori lilikuja mara mbili zaidi, kisha halikuja tena. Chini ya mwarobaini wanaume walisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba bibi mmoja amemnywesha mgeni kesi ya mtaa mzima. Bala peke yake hakusema. Alikuja kuchukua bilauri yake, akakaa mpaka jioni, akaondoka bila bilauri.

Ndoo za watu wengine nazo zilianza safari ya hekaluni. Foleni ikawa ndefu, na mzee wa ufunguo akalazimika kumpimia kila mtu mtungi mmoja. Wa Angoori aliujaza mpaka pomoni, mbele ya wote, bila kueleza.

Wiki ya tatu walikuja wapaka rangi. Waliisugua ile nyekundu kwa msasa, wakaipaka pampu rangi ya buluu, nzuri, kama ya milango ya mjini. Nyuma yao alikuja Rathi, na mtu mwenye kamera.

"Bibi, wewe ndiye shahidi wetu," Rathi alisema. "Njoo upige picha ukichota. Gazeti linataka uso wako."

Mmoja wa wapaka rangi alipiga mpini. Chuma kililia vile vile.

"Inataka maji ya kumwagia," alisema.

Rathi alitazama huku na huku. Ndoo zote za Kherapur zilikuwa kavu saa hiyo. Kizingitini kwa Angoori, chini ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, mtungi ulikuwa umejaa. Munesh alikuwa amekaa kando yake.

"Lete ule."

"Ni wa mgonjwa, Bwana."

"Lete, Bibi. Ukitoa mtungi mmoja utapata maelfu. Jaivir ana mama mwenye akili, nimwambie hivyo au nimwambie vingine?"

Munesh aliinuka kwa shida, akaushika mtungi kwa mikono yote miwili kana kwamba atakimbia nao. Angoori alimwekea mkono begani, pale pale alipomshika daktari. Akauchukua.

Pampu iliyanywa maji ya hekaluni polepole, kwa mlio wa koo. Walisubiri. Angoori aliyamwaga mpaka tone la mwisho, maana nusu isingetosha. Yule mpaka rangi akapiga mpini, akapiga, na chuma kikaacha kulia. Kwanza yalitoka yale aliyoyamwaga. Kisha maji yakageuka rangi ya mkojo wa ng'ombe, na harufu ya mayai yaliyooza ikatanda uani.

"Haraka kabla jua halijahama," mwenye kamera alisema. "Bibi, bilauri ya nini? Kinga viganja. Chuchumaa kidogo. Hivyo hivyo."

Angoori alichuchumaa. Miguu yake ilikumbuka yenyewe namna ya kukaa, na viganja vyake vikajikunja kama bakuli, mbali na mdomo wa pampu ili visiuguse. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Tone la rangi ya buluu, lililokuwa bado bichi, lilishuka nayo na kutulia kwenye dole gumba lake.

"Sasa kunywa," Rathi alisema. "Kidogo tu. Kwa picha."

Nyuma yake, kizingitini, Munesh alikuwa amefunua uso mbele ya wanaume wote, akimtazama.