Moto Aliouzima Baba

Kwetu Kanyakine, ukitaka watu wagombane, taja kiwanda cha maziwa. Kilijengwa na wazungu, serikali ikakichukua baada ya Uhuru, na leo ni mabati yenye kutu ambamo mbuzi hujikinga mvua. Nani alikiua? Walimu watakuambia ni mameneja waliouza vipuri. Mameneja watakuambia ni serikali iliyoruhusu maziwa ya unga kutoka nje. Wakulima watakuambia ni wafanyakazi. Hakuna atakayekiri kwamba kwao, kama kwetu, maji yaliongezwa kwenye mkebe kabla gari la maziwa halijafika. Wakichoka kubishana, wengi humtaja baba yangu, Naftaly.

Baba ndiye aliyeendesha boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Mwaka wa 2003 vali ya usalama ilianza kukwama, mvuke ukikosa pa kutokea, na boila ingeweza kulipuka wakati wowote. Aliiandikia kampuni ya Uingereza iliyounda boila hiyo. Mstaafu mmoja alimjibu kwamba kampuni ile ilikuwa mali ya serikali yao, ilishafungwa siku nyingi, na hata wao bado wanalaumiana, huyu akisema ni mameneja, yule akisema ni chama cha wafanyakazi. Baba alicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata alizima moto, akakataa kuuwasha mpaka vali ipatikane, na wenzake wakasimama naye. Siku sita nzima maziwa yaliharibika na wakulima wakayamwaga mtaroni. Kabla ya mwaka kwisha, kiwanda kilifungwa.

Jirani yetu Gitobu alikuwa na ng'ombe saba. Yeye na baba walibatizwa siku moja na walikuwa chanda na pete, lakini tangu wiki ile hawakusalimiana tena. Katika kanisa letu, mwenye kinyongo na mwenzake hasogei kwenye meza ya Bwana. Wengi husogea tu na vinyongo vyao. Hawa wawili walikuwa wakaidi hata katika uaminifu: kila Jumapili ya ushirika watu walipokwenda mbele, wao walibaki vitini, mmoja upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Miaka ishirini na miwili! Mwanzoni niliona aibu, halafu hasira, halafu nikazoea.

Mwaka huu ini la baba lilimwangusha. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani. Baba akaniambia anataka kitu kimoja tu, kula mkate wa Bwana kabla hajafa, na hawezi kuula bila kupatana na Gitobu.

Nikaenda. Nilimkuta Gitobu akimkatia majani ng'ombe mmoja aliyembakia. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja, Kagwiria," akasema. "Lakini yeye aseme kwanza ni yeye aliua ile factory. Akisema hivyo, mimi nitamsamehe."

Nilipompelekea baba maneno hayo, alijiinua kitandani.

"Moto nilizima mimi, hiyo nitasema hata mbele ya Mungu. Lakini singezima, watu kumi na wanne wangekufa na hiyo boila. Sasa nidanganye ndio nipewe mkate?"

Nililia nyuma ya zizi mpaka kichwa kikauma. Wazee wawili, neno moja tu! Kesho yake nilimrudia Gitobu nikamwambia baba amekubali kosa, ila asimkumbushe, maana ni mgonjwa.

Alikuja Jumapili mchana pamoja na Mchungaji Kathambi, amevaa koti lake la harusi za watu. Ombi langu alilisahau pale pale mlangoni. Aliushika mkono wa baba, machozi yakimtoka.

"Naftaly, kwa vile umekubali ni wewe, mimi nimekusamehe."

Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, nami nikainamisha macho. Angeweza kukana. Hakukana, wala hakuuondoa mkono wake. Lakini mkate ulipomfikia alifumba mdomo na kutikisa kichwa. Mchungaji alidhani ni maumivu, akampa Gitobu, naye Gitobu akaula huku akilia kama mtoto.

Walipoondoka nilipiga magoti, nikaomba radhi. Baba alisema amenisamehe. Nikamwuliza kama nimwite mchungaji arudi, nimwambie ukweli.

"Ukimwambia, Gitobu atajua," alisema. "Muache. Amengoja sana."

Alikufa Jumatano bila kuula mkate ule.

Siku ya mazishi Gitobu aliomba maikrofoni. Hakuwa kwenye programu, lakini nani angemnyima? Alisema kwa sauti ya upole kwamba kijiji kimebishana vya kutosha, kwamba Naftaly mwenyewe, kabla hajafa, alikubali kuwa ndiye aliyeua kiwanda, na kwamba yeye amemsamehe, nasi sote tumsamehe. Watu wakasema amina. Karibu na kaburi walisimama wazee tisa waliofanya kazi na baba, waliorudi kwao wazima kwa sababu ya moto ule kuzimwa. Waligeuka wote wakanitazama, wakingoja niseme kitu.

Nikapewa maikrofoni, maana mimi ndiye kifungua mimba. Niliwashukuru watu kwa kuja, nikawaambia chakula kiko tayari.