Babu Atapitia Wapi?

Bibi Hermelinda aligoma kuhama hata baada ya nyumba yenyewe kuhama. Mvua za Septemba ziliuteremsha mlima hadi jikoni, zikabakiza kuta mbili na mlango. Tukajenga nyingine kule chini, bati halivuji. Lakini Siku ya Wafu ilipofika, siku ambayo roho hurudi kuwatembelea jamaa zao, bibi akachukua picha ya marehemu babu, mishumaa, chumvi na sufuria ya mchuzi wa pilipili tunaouita mole, akapanda na magoti yake mabovu kwenda kumngojea kwenye tope.

Mama akanituma. "Usirudi bila yeye, Tacho. Mlimani, juu ya zile kuta, pana ufa mpya."

Nilimkuta ameketi mlangoni kama mwenye hoteli.

"Twende, bibi. Mlima unaweza kushuka tena."

"Na babu yako Crescencio je? Nyumba mpya haijui. Aje hapa amkute nani?"

"Babu alikuwa akirudi amelewa chakari na hakupotea hata siku moja."

"Alikuwa anarudi hapa!"

Nikaona nimtengenezee babu barabara. Nikachukua kikapu chake cha maua ya wafu, yale ya kuwaonyesha marehemu njia, nikawa natupa petali kutoka mlango ule kuelekea chini. Nilipogeuka, batamzinga wa jirani walikuwa nyuma yangu, wanaila barabara ya babu mpaka mwisho.

Bibi alicheka hadi akajishika mbavu. "Sasa ataishia tumboni mwa batamzinga!"

"Basi Krismasi tutakuwa naye mezani."

Adhuhuri mawingu yakapasuka, vipepeo wakaanza kumiminika kutoka kaskazini, wekundu kama makaa. Bibi akasimama na kuvua mtandio. Kwetu sisi hao ndio marehemu wetu, wanarudi nyumbani.

"Yupi ni yeye?" akanong'ona.

"Yule anayeyumba."

Akanichapa kwa mtandio. "Shule imekufundisha utani tu? Haya, niambie, njia wanaijuaje?"

"Wanafuata jua, bibi. Kwenye papasi zao, zile nyuzi mbili za kichwani, kuna kitu kama saa, kwa hiyo jua likisogea, wao hawapotei."

"Na mara ya kwanza nani aliwaonyesha?"

"Hakuna. Waliotoka hapa Machi walishakufa. Hawa ni vitukuu wao."

"Kwa hiyo hawa hawajawahi kufika?"

"Hata mmoja."

Vipepeo wakapita juu ya kuta zetu mbili bila kupunguza mwendo, wakapita juu ya bati jipya kule chini, wakaelekea msituni. Bibi akawasindikiza kwa macho, kisha akautazama mlango wake.

"Mimi nilidhani wanautafuta mlango huu," akasema taratibu.

Akafunika sufuria.

"Beba. Picha nitaibeba mwenyewe. Na tufanye haraka, Crescencio asije akatutangulia akamkuta mama yako peke yake. Wale wawili hawakuwahi kupatana."

Nikamshika mkono tukashuka. Batamzinga nao wakatufuata nyuma, wakidhani bado kuna maua.