Kadi ya Nyongeza

Kajuju Gikunda alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kule Embu, akisomea kilimo, alipopata barua pepe iliyomfanya apige kelele maktabani hadi akaombwa atoke nje. Utafiti wake kuhusu ugonjwa unaoozesha kahawa ikingali mbichi mtini, alioufanya kwa wakulima wa kwao Githongo, Meru, ulikuwa umekubaliwa kwenye mkutano wa wanafunzi huko Kigali. Waandaaji wangegharamia safari na malazi. Ila mwishoni kabisa mwa barua waliandika kwamba kila mtu angejilipia kwanza, kisha angerudishiwa baada ya mkutano. Na hoteli waliyoichagua haikuwa ikimshikia mtu chumba bila kadi ya mkopo.

Alimpigia mama yake simu papo hapo, akiwa amesimama kwenye ngazi za maktaba.

"Kadi ya mkopo ndiyo gani hiyo?" Lydiah akauliza. Nyuma yake cherehani ilisikika ikikwaruza. Alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Githongo.

"Inafanana na ile ya ATM, mami, lakini pesa unayotumia ni ya benki. Halafu unawarudishia mwisho wa mwezi."

"Na usiporudisha?"

"Riba inapanda."

"Basi jihadhari nayo," Lydiah akasema, lakini alikuwa anacheka. "Kigali! Mwari wakwa, binti yangu, aende Kigali!" Akasikika akiwaambia wateja wake kwa Kimeru, nao wakashangilia.

Wiki hiyo, kila alipotoka darasani, Kajuju alishuka mjini kuzunguka benki. Ya kwanza walimwambia arudi akishaajiriwa. Ya pili walimwonyesha kadi ya kupendeza yenye ada ya mwaka ambayo hata mwalimu wake angeifikiria mara mbili. Ya tatu alipokelewa na mhudumu kijana aliyeitwa Carol, ambaye alimvutia kiti na kumsikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu.

"Sasa, mrembo, wewe huna payslip," Carol akasema. "Kwa mwanafunzi tuko na njia mbili tu. Ya kwanza, unaweka akiba yako hapa, tunaishikilia kama dhamana, halafu tunakupa kadi ya kiwango kidogo, chini ya hiyo akiba. Huwezi kuigusa hiyo pesa mpaka ufunge kadi. Ya pili ni rahisi zaidi. Inaitwa kadi ya nyongeza. Mzazi wako akiwa na kadi kwetu, tunakutolea ya kwako chini ya yake. Kiwango ni kikubwa, na huweki chochote."

Kajuju alikuwa na akiba kidogo aliyoipata likizoni kwa kukusanya takwimu za wakulima. Alijua ingetosha chumba cha hoteli. Kwa tiketi ya ndege isingetosha.

"Baba yangu ana kadi hapa," akasema.

Alishangaa kujisikia akilitamka neno hilo. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa amesema "baba yangu" mbele ya mtu.

Baba yake aliitwa Mwaniki, Mwembu, mfanyakazi wa ofisi. Zamani alikuwa ameletwa kikazi Meru, akapanga chumba mtaa wa Majengo, karibu na duka ambalo Lydiah alikuwa akijifunzia ushonaji. Hawakuoana. Kajuju alipokuwa chekechea, Mwaniki alihamishiwa Embu. Alikuja Githongo mara chache, akiwa na mkate na matunda, akambeba begani mpaka kwenye mibuni ya babu. Halafu hakuja tena. Kajuju alikua akitumia jina la babu, baba yake mama, na ndilo lililokuwa kwenye kitambulisho chake.

Matokeo ya sekondari yalipotoka, angeweza kuchagua chuo popote. Alichagua Embu. Lydiah hakumuuliza sababu. Alimwandikia tu namba ya simu, akamwambia, "Ukitaka kumtafuta, ni wewe na yeye."

Alimtafuta. Mwaniki alikubali kukutana naye, na tangu hapo walikuwa wakionana mara moja kila muhula, siku ya kazi, saa za mchana, kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko. Alikuwa mtu mpole. Alimuuliza habari za masomo, akasikiliza majibu. Baada ya chakula alimpeleka supamaketi, akamwambia achukue anachohitaji, akalipa kwa kadi. Kajuju alikuwa na mazoea ya kusimama karibu naye sana pale kwenye foleni, ili yeyote aliyekuwa akitazama ajue hawa wawili wamekuja pamoja. Nyumbani kwake hakuwahi kumpeleka. Kulikuwa na mke, Wambeti, na watoto wengine, ambao Kajuju aliwajua kwa sura tu, kutoka Facebook. Mmoja wao, msichana, alikuwa na mwanya wa meno kama aliokuwa nao yeye.

Jioni ya siku aliyokutana na Carol alimpigia baba yake, akamweleza kuhusu Kigali na kuhusu kadi. Alijiandaa kukataliwa. Badala yake Mwaniki alicheka kwa furaha.

"Kigali? Wewe? Kajuju, hiyo ni kitu kubwa sana! Sasa nitakataaje? Tupatane benki Alhamisi."

Kwa siku zilizofuata Kajuju alitembea akiwa mwepesi. Kigali yenyewe ilikuwa imerudi nyuma mawazoni mwake. Alichokiwaza ni kile kiti kwenye meza ya Carol, na kingine kando yake, na mahali fulani kwenye kompyuta ya benki ambapo jina lake lingekaa chini ya jina la Mwaniki kwa sababu moja tu inayojulikana na kila mtu. Alipiga pasi blauzi aliyoshonewa na mama yake. Akasuka nywele upya.

Alhamisi Mwaniki alifika mapema kuliko yeye. Alikuwa amevaa koti, na alisimama alipomwona akiingia, akampa mkono.

Carol alitandaza fomu mezani. Alimwuliza Mwaniki maswali yake, akaandika, kisha akamgeukia Kajuju, akanakili kitambulisho chake. Alipofika sehemu ya uhusiano wa mwombaji na mwenye kadi, hakungoja hata kuambiwa.

"Hapa naandika mtoto," akasema akitabasamu. "Hata sihitaji kuuliza. Hiyo paji la uso mmegawana."

Kajuju aliinamisha kichwa kuficha furaha yake.

"Aah," Mwaniki akasema. Akakohoa. "Andika mtoto wa dada yangu."

Kalamu ya Carol ilisimama. Alimtazama Mwaniki, kisha Kajuju, kisha akaitazama fomu.

Kajuju aliwaza jambo moja, nalo lilikuwa la ajabu. Aliwaza: kumbe ana dada? Hakujua. Hakuwahi kuambiwa majina ya shangazi zake, wala kama wapo.

Mwaniki alimwinamia, akanena kwa sauti ya chini. "Taarifa za hii kadi zinaingia pia kwa simu ya mama wa nyumbani. Si eti nakataa. Unaelewa? Ni vile tu itaandikwa. Kadi itafanya kazi ile ile."

"Naelewa," Kajuju akasema.

Na kweli alielewa. Alielewa pia kwamba akinyamaza, ataruka kwa ndege, atalala hoteli, atarudi, na muhula ujao watakula tena nyuma ya soko kama kawaida. Hakuna ambacho kingeharibika. Mwaniki alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba, na macho hayo yalifanana mno na yake mwenyewe. Alitamani kumwondolea aibu ile. Alitaka kusema sawa, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Dada Carol," akasema, "naomba hii tuiache. Nipe ile ya dhamana."

"Kajuju," Mwaniki akasema. "Hiyo haitakufikisha."

"Itanifikisha. Nitaenda na basi."

"Mpaka Kigali?"

"Watu wanaenda."

Alisema bila hasira, maana hasira hakuwa nayo. Kilichomjaa kifuani kilikuwa kile kile alichokuwa nacho utotoni kila gari lilipopunguza mwendo pale kwao barabarani, kisha likaendelea.

Mwaniki alikaa kidogo akiwa amefumbata mikono magotini. Kisha akainuka, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti cha Kajuju. Hakumgusa. "Basi tutaongea," akasema, akatoka. Kajuju alimfuata kwa macho hadi kwenye mlango wa kioo, akingoja ageuke. Barabarani aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka.

Carol aliichana ile fomu polepole na kuitupa. Akaleta nyingine. Alimsomea kila kitu kwa sauti, siku ya kulipa, riba, ada, mambo ambayo Kajuju aliyasikia nusu nusu. Penye jina la ndugu wa karibu Kajuju aliandika la Lydiah, akatia sahihi.

Kadi ilichukua siku nyingi kuja, nyingi hata akaanza kuhofia kukosa chumba cha Kigali. Siku alipoitwa kuichukua, Carol alimkabidhi bahasha, kisha akasitasita.

"Sijui kama ni vizuri nikuambie. Yule mzee alirudi. Jumatatu."

Kajuju aliinamia meza. "Alitaka nini?"

"Alitaka kujua kama anaweza kukuongezea pesa kwa ile dhamana, ndio upewe kiwango kikubwa. Nikamwambia siwezi kuongea mambo ya akaunti ya mtu na mtu mwingine. Nikamuuliza, kwani wewe ni nani wake?"

"Akasemaje?"

Carol alishusha macho. "Alisimama tu hapo. Kwa muda, eh. Watu wakaanza kuuliza laini mbona haisongi. Halafu akasema atarudi."

"Na amerudi?"

"Bado."

Kajuju alimshukuru kwa kichwa tu, akatoka. Aliketi kwenye ukuta mfupi wa maegesho huku bahasha ikiwa mapajani. Akilini alimwona Mwaniki amesimama pale mezani, mdomo umefunguka nusu, na nyuma yake watu wananung'unika. Alimhurumia. Na katikati ya huruma hiyo alijikuta akitamani angekuwapo, amesimama kwenye foleni hiyo hiyo, akingoja neno litoke. Angengoja hadi benki ifungwe.

Alienda Kigali kwa basi, kupitia Kampala, miguu ikavimba. Hotelini mhudumu aliichukua kadi yake, akaipitisha kwenye mashine, akamrudishia pamoja na funguo, bila swali lolote. Siku ya pili alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi wakulima wa Githongo wanavyopogoa mibuni yao ili upepo upite na ugonjwa upungue. Profesa mmoja kutoka Addis Ababa alimuuliza maswali magumu, naye akayajibu, na baadaye profesa huyo akamwomba anwani. Wenzake walimpiga picha akiwa mbele ya bango lake. Aliituma kwa Lydiah. Kisha, baada ya kulitazama lile jina kwenye simu kwa muda, akaituma na kwa Mwaniki.

Lydiah alijibu kwa ujumbe wa sauti, wa vigelegele vitupu. Mwaniki aliifungua. Alama mbili za buluu zilionekana. Juu ya skrini kukatokea kwamba anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena anaandika, kwa muda mrefu, kama mtu aandikaye mambo mengi. Hatimaye ulifika ujumbe mfupi: "Umefanya vizuri sana."

Waandaaji walirudisha gharama kama walivyoahidi, na Kajuju akailipa benki yote kabla ya riba kuanza. Muhula ulipoisha alipanda kwenda nyumbani. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na alimkuta mama yake shambani, debe kiunoni, vidole vyekundu kwa maji ya kahawa. Alichukua debe lingine akaanza kuchuma mti wa pili.

Walichuma wakiongea habari za Kigali. Lydiah alitaka kujua wanakula nini, wanavaa nini, mafundi wao wanashona namna gani. Mwishowe akauliza, bila kugeuka, "Na Mwaniki?"

Kajuju alimweleza yote. Mtoto wa dada, fomu, mlango wa kioo, ile Jumatatu.

Lydiah aliendelea kuchuma mpaka akamaliza tawi alilokuwa amelishika.

"Yeye si mtu mbaya," akasema. "Ningekuwa nimemchukia, ingekuwa rahisi. Alipoacha kuja, kila mwisho wa mwezi nilikuwa naenda Majengo kuuliza mwenye nyumba wake kama ameacha ujumbe. Mpaka yule mama akaanza kunipikia chai."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa mtoto."

Upepo ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya mibuni. Kajuju aliangusha buni kwenye debe, moja moja, nyekundu tupu, akiacha mbichi mtini.

"Mami, bado namtaka," akasema. "Hata sasa. Akipiga simu leo nitaichukua."

"Ichukue," Lydiah akasema.

Alisogea upande wa pili wa mti aliokuwa akichuma binti yake, akainamisha tawi la juu ambalo Kajuju hakulifikia, akalishikilia ili achume.