Binti Asiye na Jografia

"Basi hiyo Jografia moja ndiyo imuue mwanangu?" mama alisema.

"Haimuui, mama. Inamzuia," alijibu karani wa udahili.

"Tofauti iko wapi?"

Karani alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki, akakiri kwamba katika siku ya mwisho ya kupokea maombi tofauti haikuwa kubwa. Kisha akaweka kidole kwenye mwongozo. Anayeomba kusomea upimaji wa ardhi awe amefaulu Hesabu, Fizikia na Jografia. Binti alikuwa na A ya Hesabu na A ya Fizikia. Kwenye Jografia, cheti chake kilikuwa na kistari.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na futi shingoni, sindano tatu zimechomekwa kwenye blauzi, na ndala miguuni, kwa sababu dakika kumi zilizopita alikuwa nyumbani, mwendo wa saa tano kwa basi. Walitoka kwa mlango wa jikoni, wakatokea ndani ya stoo ya karatasi, nyuma ya mgongo wa karani. Karani aliwaomba wazunguke mbele wapange foleni kama wengine, nao wakazunguka.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Shule iliacha kufundisha Jografia binti alipokuwa kidato cha pili, hivyo yeye na wenzake thelathini na wanane hawakuwahi kufundishwa umbali. Kwao haukuwepo. Walifungua mlango wowote wakiwa na mahali akilini, wakatokea hapo. Mmoja alinunua mkate nchi jirani na kuufikisha nyumbani ungali moto. Mwingine, mvivu wa kupindukia, alilala mpaka kengele ya pili, kisha akaingia darasani kupitia kabati la nguo. Wazazi walizoea. Ni mmoja tu aliyepelekwa tuisheni ya ramani, na baada ya wiki tatu alionekana kituoni akisubiri basi kama watu wote.

Binti huyu alitaka kupima ardhi tangu akiwa mdogo. Lakini siku hizi kila alipochora mtaa wao, nyumba zote ziliangukia nukta moja. Alikuwa na daftari zima la nukta.

"Na nani aliyekifuta hicho kipindi?" karani aliuliza.

"Muulize mwenyewe," mama alisema.

Binti akapita pembeni mwa kaunta, akafungua mlango wa stoo. Ndani palikuwa ofisi ya mwalimu mkuu, naye alikuwa akifuta vumbi kwenye kombe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mwambie huyu kijana wa chuo kwa nini mwanangu hana Jografia!" mama alipaza sauti kutoka dirishani.

"Ilikuwa inashusha wastani," mwalimu mkuu alisema bila kuficha. "Tulipoitoa, tulipanda kutoka nafasi ya arobaini hadi ya tatu. Kombe lenyewe hili hapa." Akaliinua ili foleni nzima ione. Watu wawili wakapiga makofi.

"Na mtoto amekwama!"

"Amekwama yeye, mama. Shule imepanda. Mwaka huu tumetoa na Kemia. Sukari haiyeyuki tena kwenye chai ya kidato cha pili, wanaitafuna tu, lakini Mungu akipenda tutakuwa wa kwanza."

Karani alimwomba athibitishe kwa maandishi kwamba binti hakufundishwa somo hilo. Mwalimu mkuu aliandika barua kwa furaha, akagonga muhuri, akaipitisha mlangoni. Karani akaisoma mara mbili.

"Barua safi sana," alisema. "Mwanzoni nilikuwa na mashaka kidogo. Sasa nina ushahidi kwamba hana Jografia."

Akagonga IMEKATALIWA kwenye fomu.

"Mama, fanyeni haraka!" mzee mmoja alilalamika nyuma. "Wengine tumekuja kwa basi, na linaondoka saa tisa!"

"Ungesoma shule mbovu, baba, ungewahi!"

Karani akainama, akashusha sauti. Nafasi ya utarishi ilikuwepo. Chuo kilikuwa na matawi manne na barua zilichukua wiki nzima kufika. Binti angezifikisha kabla wino haujakauka. Hakuna sifa yoyote iliyohitajika, na angeweza kuanza saa hiyo hiyo. Akatoa ovaroli ya kijivu chini ya kaunta.

Mama akaipapasa, akaigeuza ndani nje. "Kitambaa kizuri, mishono ya kubahatisha. Kwa hiyo atazunguka nchi nzima kuwapelekea barua, ila kuipima hamumruhusu?"

"Ndivyo mwongozo unavyosema."

Mama akamgeukia bintiye. "Mimi nimemaliza maneno. Hapa pana mshahara. Kule shuleni kuna Jografia, na ikikuingia kichwani, milango basi. Chagua, ila usinikalishe hapa mpaka jioni."

Binti akaitazama ovaroli. Ilikuwa saizi yake.

"Mwakani mtafungua lini dirisha?" akamuuliza karani.

"Mwezi kama huu."

"Nitakuja na cheti kingine."

Akaufunga mlango wa stoo, mwalimu mkuu angali ameinua kombe lake, kisha akaufungua tena. Sasa palikuwa darasa la kidato cha pili katika shule ambayo hakuna kombe lililowahi kuingia. Mwalimu alikuwa akichora mistari ya latitudo ubaoni. Wanafunzi wa dawati la mbele walisogea, binti akaingia.

"Umetoka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja."

"Kaa. Lakini funga mlango kwanza, upepo unanirushia chaki machoni."

Binti akamtazama mama yake.

"Unaniangalia nini? Nitauliza kituo cha basi," mama alisema. "Fanya unavyoambiwa na mwalimu."

Akaufunga.