Pikapu Isiyo na Dirisha la Nyuma

Sakwe sakwe! Semeni "soma", nitege kitendawili, wajukuu zangu, msininyamazie kama samaki wa sambaza kwenye sahani. Haya: anakwenda mbele, macho yake yako mbele, lakini ya nyuma yote anayaona. Ni nani huyo? Mkishindwa mnipe kilima, na si kidogo, mnipe Rubavu nzima.

Si sungura. Wala si Mungu, ingawa jibu hilo nimelipenda. Ni dereva. Ana kile kioo kidogo kinachoning'inia karibu na paji la uso, anamtazama humo aliyekaa nyuma. Kitendawili hiki nimekitega tangu mwanangu Donat ajifunze kuendesha gari, na siku hizi nikikitega sicheki tena. Kaeni, niwaeleze kwa nini.

Donat alikuwa na jipi, gari refu la magurudumu makubwa, alilolinunua Goma likiwa limekwisha kuzeeka. Aliwapeleka wageni wa hoteli za Gisenyi kutazama mashamba ya chai, na Jumapili alituteremsha sote kanisani kutoka hapa Kanzenze. Mkewe Béata aliuza sambaza kule ziwani. Mwanamke wa maneno, yule. Mteja akilalamika kwamba samaki ni wadogo, Béata alimuuliza: "Na wewe ulizaliwa na ndevu?" Mteja alicheka, akanunua.

Kisha figo za Béata zikachoka. Mwili ukamwisha nguvu, hata kukaa wima kukamshinda. Donat akaacha wageni, akawa anamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa juu ya mto wangu, anamteremsha hospitali. Sasa, mtu aliyelala garini haoni barabara. Anaona mbingu, nyaya za umeme na vichwa vya mikaratusi. Kwa hiyo Béata aliuliza kila mara, "Tumefika wapi?" Na Donat alimtazama kwenye kioo, akamjibu: tumefika Mahoko, tumefika Rugerero, bon, harufu hiyo ni ya ziwa. Mimi nilikuwa nao mara nyingi, nimeyasikia.

Safari ya mwisho walikwenda wawili tu, kwa maana mvua ilikuwa inakuja na maharage yalikuwa nje, nikabaki kuyaanua. Donat alirudi peke yake, akasema Béata amefia hospitali. Tukazika, tukakaa kilio kama desturi. Nani angeuliza zaidi? Wagonjwa hufia hospitali.

Kilio kilipokwisha, Donat alisema ataikata jipi aifanye pikapu. Wageni wa hoteli walikuwa wamekwisha kupata madereva wengine, lakini Mukandori, yule mama anayenunua viazi na karoti huku kwetu na kuziuza mjini, alikuwa anatafuta gari la mzigo. Sikupinga. Gari haliliwi.

Kazi ilifanyika Gisenyi, kwenye garaji ya fundi Bizumuremyi. Walitoa kwanza viti vya nyuma. Kimoja nilikidai mimi, ndicho hicho mlichokalia. Kisha mashine ya kukata chuma ikaanza kulia, cheche zikaruka, na paa lote lililokuwa nyuma ya dereva likatoka kama kifuniko cha sufuria. Wakaunga chuma, wakatandika mbao, wakatengeneza mahali pa mzigo. Kazi nzuri, sitaisema vibaya.

Ikabaki kuziba mgongo wa chumba cha dereva. Bizumuremyi alikuwa ametunza dirisha la mlango wa zamani wa nyuma, akataka kulipachika hapo. Donat akakataa. Akaleta bati zito la chuma, akataka lichomelewe kutoka upande huu mpaka ule, bila tundu. Na kile kioo cha ndani akakifungua mwenyewe, akakitupa ndani ya sanduku la vyuma.

"We Donat," Bizumuremyi akamwambia, "hii ni pikapu ao kiti cha kitubio? Inakosa tu padri."

Mafundi wote walicheka. Donat hakucheka.

Alipoipeleka kwenye ukaguzi wa magari, wakaikataa: vioo vya pembeni havitoshi, dereva lazima aone nyuma moja kwa moja. Akaipaka rangi ya buluu, akairudisha. Wakaikataa tena, rangi haina macho. Nilimuuliza kwa nini hataki dirisha. Akasema viazi vitalivunja. Bizumuremyi akasema ataweka nondo za kulikinga. Donat akasema vumbi litaingia. Fundi akasema dirisha lisilofunguka haliingizi vumbi. Baada ya hapo Donat aliondoka zake, na swali likabaki linaning'inia nyumbani kwetu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mukandori alikuja mpaka mlangoni. Alisema kwa upole kwamba atangoja mpaka siku ya soko, kisha mzigo wake atampa dereva mwingine, mwenye madirisha yote. Wajukuu, wakati huo tulikuwa tumeanza kula viazi vya mbegu. Mnajua maana yake.

Basi nikateremka mwenyewe garajini. Nilimkuta Bizumuremyi amekwisha kuchora dirisha kwa chaki juu ya lile bati, mashine iko mkononi. Donat alikuwa ameegemea mchoro ule kwa mgongo wake.

"Kata na mimi," akasema.

Fundi akaiweka mashine chini, akanigeukia. "Mama, mumupeleke nyumbani. Chuma, naweza kukata. Hii siwezi."

Tukapanda kurudi, mimi nimekaa mbele kando yake, pikapu tupu inarukaruka. Chaki ilikuwa imemshika shati lote mgongoni. Tulipopita Rugerero nikamsikia anasema polepole, "Tumefika Rugerero." Nilidhani ananiambia mimi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa wima, barabara naiona.

Kabla ya Mahoko alipunguza mwendo. Magari yalipiga honi nyuma yetu, na yeye hakuyaona wala hakuyatafuta kwenye vioo vya pembeni. Midomo yake ilicheza, ila jina la mahali halikutoka. Akasogeza gari pembeni, akazima.

Nikaweka kiganja changu juu ya lile bati nyuma ya vichwa vyetu. Lilikuwa baridi.

"Mwana wangu," nikamwambia, "mambo ya ukaguzi mi siulizi tena. Nyuma ya hii chuma kuna nini hautaki kuona?"

Mama mmoja alipita na beseni la karoti kichwani, akatusalimia, nikamwitikia peke yangu. Donat alitazama mahali pale juu ambapo kioo kilikuwa, tundu mbili za skrubu tu zilizobaki.

"Hakufia ku hospitali, mama," akasema. "Ni hapa. Aliniuliza tumefika wapi, nikatazama mu kioo ili nimujibu, na nikamuona humo anakata roho. Nikamwambia Mahoko. Hakusikia. Sikusimama, mama. Ningesimama, ingekuwa kweli. Niliendelea tu kumwambia tumefika wapi, tumefika wapi, mpaka ku hospitali."