Jumamosi ya Kupimwa Rangi

Mwalimu Natalia alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyepata kumwona amejipaka kitu usoni. Masista waliomlea walimfundisha kwamba kioo ni cha kutazamia kama shingo imetakata, basi. Kwa hiyo wanawake wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana, pale Nangara, pembeni mwa mji wa Babati, walipotafuta mwenyekiti hawakwenda mbali. Walitaka mtu ambaye neno lake likishatoka, hakuna anayehangaika kulichunguza.

Mwanamke huyo ndiye aliyesema uongo kwa ajili ya rangi ya nguo.

Kisa kilianzia kwenye picha za harusi ya binti yake, Sarah. Siku ile ukoo wa bibi harusi pamoja na jumuiya nzima walivaa sare moja, kitenge cha njano ya haradali. Wengine kiliwapendeza. Natalia, katika kila picha, alionekana kama mtu aliyeombewa ruhusa wodini ili ahudhurie sherehe na kurudishwa. Wageni walioziona picha hizo waliuliza kwa upole, "Siku ile Mama ulikuwa unaumwa?" Mwanzoni alijibu kwamba hapana. Baadaye aliacha kujibu, akazifungia picha kabatini.

Sarah, ambaye aliolewa Arusha, aliona jinsi mama yake anavyoukwepa mlango wa kabati hilo, akamtafutia msichana mmoja aitwaye Kindness. Kazi ya msichana huyo ilikuwa ngeni mjini: kuwapima watu rangi, ili kila mmoja ajue ni nguo za rangi gani zinazoufaa uso wake na ni zipi zinazouharibu. Alikuja Babati Jumamosi moja tu katika mwezi, akitumia chumba chenye dirisha kubwa nyuma ya saluni, karibu na soko. Sarah alimwekea mama yake nafasi. Lakini Jumamosi hiyo hiyo jumuiya ilipangiwa kwenda kumtazama Bibi Domina, mgonjwa wa kifua, aliyeishi ng'ambo ya korongo. Na aliyeipanga ziara hiyo ni Natalia mwenyewe.

Angeweza kusema ukweli. Ila angewaambiaje kwamba anakwenda kupimwa rangi, wanawake wale wale aliowakemea Kwaresima iliyopita kwa kusuka nywele za bandia? Alimpigia simu Jovita, katibu wa jumuiya.

"Presha yangu imepanda," alisema. "Kesho nakwenda kupimwa. Ziara ya Bibi Domina tuisogeze mbele."

Mumewe, Egidius, aliambiwa hayo hayo. Asubuhi mzee huyo alimtafutia bajaji, akamsihi dereva aendeshe polepole kwa sababu amebeba mgonjwa. Natalia alitazama upande wa pili mpaka bajaji ilipoondoka.

Kindness alimketisha mbele ya dirisha, akamfunika nywele kwa kitambaa cheupe, kisha akamwomba anawe uso.

"Mimi sijipaki kitu," alisema Natalia.

"Hata mafuta, Mama. Mafuta yanang'aa, halafu yananidanganya."

Akanawa. Ndipo vitambaa vikaanza kupita chini ya kidevu chake, kimoja baada ya kingine, na Kindness akisimama nyuma yake kama mtu anayesikiliza kitu.

"Usitazame kitambaa, Mama. Kila mtu hutazama kitambaa. Tazama hapa chini ya macho."

Ilipokuja njano ya haradali, mikunjo ya uso ilichimbika na ngozi ikawa na rangi ya majivu. "Hii inakuzeesha bila kukuomba ruhusa," alisema Kindness, akaitupa kando. Ilipokuja rangi ya damu ya mzee, uso ulitulia. Macho yalikaa mahali pake. Natalia alimwona kwenye kioo mwanamke ambaye hakuwa amekutana naye tangu ujana.

"Huyu ndiye mwenyewe," alisema Kindness. "Hujawahi kuivaa?"

"Niliambiwa ni rangi ya wanawake wa vilabuni."

"Aliyekuambia alivaa nini?"

"Nyeupe. Alikuwa sista."

Kindness alicheka mpaka akaegemea dirisha, na Natalia naye, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka. Alipoondoka alikabidhiwa vipande vidogo vya vitambaa vilivyofungwa pamoja, vya kumwongoza akienda dukani. Njiani alivishika ndani ya mkoba kama anavyoshika rozari.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia mlangoni kwake. Alikuta viatu vya wanawake vimejaa kizingitini. Ndani walikuwa wakisali. Wote walivaa njano ile ile ya harusi, maana jumuiya ile haiendi kwa mgonjwa bila sare. Mezani walikuwa wameweka unga, mayai na kibuyu cha maziwa ya mgando. Na kwenye kiti cha ukutani, amejifunika shuka mpaka masikioni, aliketi Bibi Domina, na kuku aliyefungwa miguu mapajani.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Natalia kwa sauti ndogo.

"Milele amina. Ziara haivunjwi, Mwalimu, inahamishwa," alisema Jovita. "Si wewe uliyetufundisha? Lakini mbona umerudi unang'aa? Sindano uliyochomwa na mimi naitaka."

Wakacheka kwa kufarijika. Egidius alisogea, hakucheka.

"Presha imesoma ngapi, Mama Sarah? Tumekaa roho juu."

Tarakimu ilimjia Natalia mdomoni, iliyo kamili, yenye kuaminika. Kabla hajaitamka, Bibi Domina aliinuka. Alikohoa kwanza, akangoja kifua kimwachie, kisha akavuka chumba akiwa amemshika kuku kwa mikono miwili.

"Nilisikia uko vibaya, mwanangu. Nikasema kifua changu ni cha zamani, kitaningoja. Mchemshe huyu, unywe supu."

Natalia hakunyoosha mikono.

"Sikwenda hospitali, Bibi," alisema. "Presha yangu ni nzima. Nilikwenda mjini kupimwa rangi."

"Rangi ya nini?" aliuliza Jovita. "Ya nyumba?"

"Ya nguo. Inayonifaa usoni."

Egidius alichukua kofia yake, akatoka nje taratibu. Jovita aliitazama sare yake mwenyewe, akaishika upindo.

"Kwa hiyo hii haikufai."

"Hainifai."

"Siku tulipoichagua ungesema. Tungekucheka, tukanywa chai, yakaisha. Sasa bibi wa watu ametolewa kitandani."

Wanawake walianza kuinuka mmoja mmoja, wakijitanda khanga zao juu ya kile kitenge kana kwamba kimekuwa cha aibu. Marietha, aliyekuwa wa mwisho, alimpa mkono kwa mazoea akasema, "Ugua pole, Mwalimu." Alitambua alichosema akiwa ameshafika mlangoni. Hata hapo hakuna aliyecheka.

Natalia alimgeukia Bibi Domina. "Mchukue kuku wako, Bibi. Mimi si mgonjwa."

"Basi Mungu ashukuriwe. Lakini kuku aliyepelekwa kwa mgonjwa harudi alikotoka. Hata wewe unajua."

Alijua. Alimpokea, akamweka jikoni, kisha akaita bajaji ampeleke bibi kwake. Bajaji haikuweza kuvuka korongo, wakashuka, wakatembea wakipumzika kila kikohozi kilipokuja. Natalia alitaka kuomba msamaha, lakini kila alipofungua kinywa aliona kwamba angemlazimisha mgonjwa kujibu, na pumzi hana.

Domina alisukuma mlango. Ndani, chumba kizima kilikuwa kimepangwa viti: vya mbao, vya plastiki, na mabenchi yenye jina la jirani limeandikwa ubavuni. Katikati palikuwa na meza yenye msalaba na mshumaa ambao haujawashwa. Vikombe vilikuwa vimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

"Tulivipanga jana mchana na jirani, kabla Jovita hajapiga simu," alisema Domina, akiketi kitandani kwa shida. "Nilijua mtakuwa wengi. Keti, Mwalimu."

Natalia alisimama tu.

"Keti popote. Vyote ni vyenu."

Akaketi kwenye benchi la karibu na mlango. Domina alivuta chupa ya chai aliyokuwa ameiandaa alfajiri kwa ajili ya majirani ambao wangekuja kuondoa viti, akammiminia kikombe. Chai ilikuwa imekwisha kupoa. Natalia aliinywa yote bila kuinua macho, na alipoulizwa kama aongezewe, akasema ndiyo.